Wiki ya Mkono wa Pili

Asubuhi ya mkutano mkuu Kidoti alijitahidi sana asimtazame Fundi Miwani, na kwa kule kujitahidi hakuona kitu kingine ukumbini isipokuwa yeye. Alijua amekaa safu ya nne kutoka mwisho, upande wa madirisha, na shati lake jeupe la mikono mirefu, amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alijua pia kwamba hajamtupia jicho tangu aingie. Siku ya pili hiyo hakumwangalia hata mara moja, yeye ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimwangalia kama anasoma mstari wa mwisho kabisa kwenye ubao wa kupimia macho.

Jina la Kidoti alipewa na wenzake wa kazini kwa ajili ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa dawati la wamiliki: kupokea, kuandikisha, kujibu simu, kutuliza wenye hasira. Maana hoteli ile haikuwa ya kulala na kuondoka. Ilikuwa na nyumba ndogo arobaini mlimani, kati ya misonobari, na mtu hakununua nyumba, alinunua wiki. Wiki moja ya kila mwaka, ileile, ndani ya nyumba ileile. Ikishakuwa yake angeweza kuitumia, kumpa nduguye, au kuiuza.

Na kwenye kuuza ndiko kulikozaa kasheshe. Aliyenunua moja kwa moja kutoka hotelini alifungwa utepe wa bluu mkononi, na utepe huo ulimfungulia bwawa la maji ya moto, sebule ya juu yenye chai na magazeti, na ufunguo wa chumba saa nne asubuhi badala ya saa tisa alasiri. Aliyenunua kwa mtu aliyechoka na wiki yake alifungwa utepe mweupe, akapata kitanda na mandhari. Wafanyakazi wakiwa peke yao waliwaita hao wa pili "mitumba." Kidoti naye aliwahi kucheka, zamani, kabla mmoja wao hajamkaa moyoni.

Fundi Miwani alikuwa na duka la miwani mji wa mbali kidogo, akisaga vioo mwenyewe nyuma ya pazia. Mwaka wa kwanza alipofika dawatini alisema, "Kumbe sauti ile ni yako," kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuongea kwenye simu. Mwaka wa pili aligundua Kidoti anakunja uso akisoma kompyuta, akampima macho palepale kwa kumsomesha tangazo la ukutani. Wiki tatu baadaye kikaja kiboksi chenye miwani, bila barua. Mwaka wa tatu walikaa kila jioni kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, wakaongea mpaka mashine zikanyamaza. Hapo ndipo walipokubaliana kwamba mwaka huu angemleta mama yake, na kwamba angezungumza na baba yake Kidoti.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita matumaini. Baba yake Kidoti alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na minne, na hata baada ya kustaafu watu wote, mkewe akiwemo, waliendelea kumwita Dereva. Wiki yake iliangukia wiki hiyohiyo, na mwaka huu, badala ya kumpa nduguye kama miaka mitatu ya nyuma, alikuja mwenyewe na mkewe. Siku ya kwanza alimkuta Fundi Miwani kwenye kibanda cha michezo, akamtaka mchezo wa drafti, akashindwa. Siku ya pili akashindwa tena. Siku ya tatu akamwambia mkewe kwamba amekutana na kijana mwenye akili iliyopangika. Kidoti alipoyasikia hayo kwa mama yake alikwenda stoo ya mashuka akacheka peke yake.

Halafu ikaja Alhamisi. Mlinzi wa bwawa la moto aliugua, na Kidoti akawekwa pale kumshikia nafasi. Akaja mama mmoja mnene, mchangamfu, taulo juu ya gauni, anatembelea mkongojo. Kidoti alimjua kabla hajasema kitu, ingawa siku walipofika hakuwa zamu, maana pua ile alishaiona kwa mwanawe. Yule mama naye alimjua. Alisema, "Ndiyo wewe," akamshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama maji yana moto wa kutosha, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamemgomea tangu mwaka jana. Kidoti akauona utepe wake. Mweupe.

Meneja alikuwa hatua kumi kutoka pale, anazungumza na fundi bomba. Kidoti akayasema maneno aliyozoea kuyasema mara ishirini kwa mwezi, kwamba kwa bahati mbaya eneo lile ni la wenye utepe wa bluu, na kwamba chini ya ngazi kuna bwawa la kawaida. Bwawa la kawaida la mlimani lina baridi ya kung'oa meno, na wote wawili walilijua hilo.

"Wala usijisumbue, mwanangu," yule mama alisema. "Nilipita tu kunusa mvuke."

Fundi Miwani alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na taulo la pili begani. Alimtazama Kidoti, akautazama mkono wa mama yake, akavua miwani na kuifuta polepole, jambo alilolifanya kila alipokuwa hataki kuona. Jioni ile hakuja kwenye benchi. Ijumaa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasemaji wa mkutano, na mbele yake imeandikwa hoja: wenye wiki wote wapewe marupurupu sawa, bila kujali walinunua kwa nani.

Sasa ilikuwa Jumamosi saa nne na nusu, na mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha wodi nzima, alimwita asimame.

Fundi Miwani alisimama. Kabla ya kusema alifungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja mpaka kwenye kiwiko, na utepe mweupe ukaonekana. Kidoti hakumwangalia yeye. Alimwangalia baba yake, safu ya pili, na akaona shingo ya mzee ikikakamaa. Siku tano mzee alikuwa ameketi mbele ya mkono ule, ubao wa drafti katikati, bila kuuona utepe.

Hakuwa msemaji wa kupandisha sauti. Alieleza kwamba wiki yake aliinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahamia mbali, na kwamba mwalimu huyo aliilipia hoteli bei kamili. Ada ya matunzo ya kila mwaka, alisema, yeye anailipa ileile anayoilipa mwenye bluu, na maji ya bwawa yanapashwa moto kwa ada hiyo.

"Swali langu ni dogo," akasema. "Mwalimu alikuwa na wiki na marupurupu yake. Wiki ikaja kwangu. Yale mengine yalikwenda wapi? Mwalimu hana. Mimi sina. Naomba mtu aniambie yako kwa nani."

Ukumbi ukanung'unika, nusu kwa kukubali. Kidoti alijikuta anatikisa kichwa kukubali naye. Lilikuwa jambo la wazi kabisa. Alishangaa kwamba miaka yote hiyo akiwafunga watu tepe hakuwahi kujiuliza.

Dereva akanyoosha mkono, akapewa nafasi. Alisimama kwa utaratibu, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, kama alivyoshika mitambo ya treni maisha yake yote.

"Mimi nililipa mara tatu ya alicholipa bwana huyu," alisema. "Kiinua mgongo changu kiliingia hapa hoteli ikiwa bado michoro ukutani. Hakukuwa na bwawa. Hakukuwa na paa. Sikulipia kitanda, kitanda ninacho nyumbani. Nililipa kwa sababu niliambiwa yale mengine ni ya wale waliotangulia, waliokubali kuthubutu. Leo nikiambiwa kwamba aliyesubiri mpaka bei ikashuka anapata vilevile, basi mnieleze mimi nililipia nini. Ujinga wangu?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha upande wake. Na Kidoti, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa amekubali kila neno la Fundi Miwani, akaona anakubali pia kila neno la baba yake. Alijaribu kuzipima hoja zile mbili kichwani moja baada ya nyingine, akashindwa, kwa sababu kila alipoishika moja ile nyingine ilikuwa bado inasema kweli.

"Na neno la mwisho," Dereva aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Nimecheza drafti na bwana huyu siku tano. Siku tano vifungo vya mikono vimefungwa."

"Mzee, mimi hufunga vifungo siku zote."

"Hata juani?"

"Hata juani."

Ukumbi ukacheka tena. Dereva hakucheka. Akageuza uso, akamtafuta binti yake pale pembeni alipokaa na daftari la kumbukumbu za mkutano, akamwangalia muda mrefu. Hakuhitaji kuuliza. Mtu anayefunga tepe alikuwa binti yake, basi binti alijua rangi. Kidoti akainamia daftari, akaandika "hata juani," kisha akakata.

Mwenyekiti akagonga bilauri kwa kalamu. Alisema ameusoma mkataba mara tatu, wala hajaona mahali palipoandikwa kwamba marupurupu ni ya wanunuzi wa kwanza peke yao. Ilikuwa kanuni ya hoteli tu, iliyokuja baadaye. Akamwuliza Dereva ni nani aliyemwambia vinginevyo.

"Aliyetuuzia," Dereva akajibu.

"Ni nani huyo?"

"Nimesahau."

Kidoti akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Baba yake alikuwa mtu wa kukutajia vituo vyote arobaini na viwili vya njia yake, kwenda na kurudi, pamoja na majina ya wakata tiketi. Hakusahau. Aliyemuuzia wiki ile alikuwa binti yake mwenyewe, miaka sita iliyopita, mwezi wake wa kwanza kazini, wazazi wake wakiwa wateja wake wa kwanza kabisa.

Mwenyekiti akamgeukia Fundi Miwani. Je, yeye kabla ya kununua aliiuliza hoteli?

"Niliuliza. Nilipiga simu."

"Ukajibiwa nini?"

Fundi Miwani alisita. "Simu ilikuwa na kelele," akasema. "Sikusikia vizuri."

Simu haikuwa na kelele. Kidoti aliikumbuka kama aliyoipokea jana, ilikuwa simu safi mpaka akawa anasikia saa ya ukutani ya dukani kwake ikigonga. Sasa akaelewa kilichokuwa kinatokea mbele yake. Wanaume wawili waliokuwa wakivunjiana heshima hadharani walikuwa wamekubaliana jambo moja bila kukonyezana, nalo ni kumficha yeye. Kila mmoja alikuwa tayari ashindwe hoja yake kuliko kumtaja. Hakujua kama alie kwa furaha au kwa aibu, na miguu ikasimama kabla hajaamua.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "aliyemuuzia mzee huyu ni mimi. Ni baba yangu. Hakuwa anataka. Nikamwambia yale mengine yatakuwa yenu peke yenu, hakuna atakayeyapata kwa bei ya chini. Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Nilitaka asaini."

Meneja alikuwa ameacha kuandika. Kidoti hakumtazama.

"Na simu ya bwana huyu niliipokea mimi. Aliniuliza kama atapata yote wanayopata wengine. Nilijua jibu ni hapana. Nikamwambia, wiki yako ni wiki yako, karibu sana. Kila mmoja wao alisikia alichotaka, na maneno yote yalitoka kwangu. Msiwaulize tena."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Mkunga alimtazama bila ukali wala upole, akasema kwamba wamesikia na sasa wapige kura. Kwa kuwa aliyepangiwa kuhesabu mikono alikuwa ni huyohuyo Kidoti, ikabidi ainuke tena na kupita katikati ya safu, akihesabu kwa kidole, machozi yakiwa kwenye kope. Waliokubali hoja walikuwa thelathini na wanane. Waliokataa, arobaini. Hoja ikaanguka. Alihesabu mara mbili, na mara zote mbili aliona kitu ambacho hakukielewa: mkono wa baba yake haukuinuka katika kundi lolote.

Watu walipoanza kutoka, meneja alimpitia akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Jumatatu saa mbili aje ofisini. Hakusema kwa nini, wala hakuonekana amekasirika, na hilo lilimtia Kidoti wasiwasi zaidi.

Alimkuta Fundi Miwani kwenye njia ya kokoto inayoshuka kwenye nyumba za chini. Alikuwa amesimama tu, mikono mfukoni, kana kwamba amesahau alikokuwa anakwenda. Mkono mmoja wa shati bado umekunjwa.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Miaka mitatu nimekuwa nikijiambia nilisikia vibaya. Nimemleta mama yangu safari ya saa sita kwenye kiti cha gari kwa kujiambia hivyo."

Kidoti akamwambia samahani. Neno lilitoka jembamba, na lilikuwa ndilo neno la dawatini, lile la kila siku, kwa hiyo hakulirudia. Baadaye kidogo akauliza lililokuwa linamkera yeye. Je, utepe alimficha baba yake kweli, au ndivyo anavyovaa?

Alifikiri kabla ya kujibu. Hilo ndilo alilompendea tangu mwanzo, na sasa hivi lilimtesa.

"Sijui," alisema. "Siku ya kwanza sikuwaza utepe hata kidogo. Siku ya pili niliuona wake, wa bluu, nikafunga vifungo. Lakini ningefunga hata hivyo. Nimejiuliza tangu asubuhi, sijapata."

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi kwamba umekasirika? Mimi nilikuwa nashika zamu ya mtu. Meneja alikuwa pale."

"Nilimwona. Na nilijua huna la kufanya. Ndiyo maana nilikasirika, kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia."

Ndege akatua juu ya msonobari, akaruka tena. Kidoti alitamani amshike mkono ule uliokuwa wazi. Akauliza badala yake, "Utaiuza wiki?"

"Unaniuliza kama dawati au kama wewe?"

Akafungua mdomo. Dawati lingetaka kujua, kwa kuwa kuna fomu za kujaza. Yeye pia alitaka kujua, kwa sababu kama wiki ikiuzwa hakukuwa na jambo lingine lolote lililokuwa limewahi kuwakutanisha. Lakini alikuwa ameuliza kwa sauti gani? Alitafuta, akakuta sauti zote mbili zimeingiliana kama nyuzi kwenye kikapu cha mshonaji mzembe.

"Ukishajua utaniambia," Fundi Miwani alisema, bila ubaya, akashuka.

Saa tisa Kidoti alikuwa amerudi dawatini, kwa sababu kazi ilikuwepo na Jumatatu ilikuwa bado mbali. Alikuwa akipanga funguo alipoona wanawake wawili wanakuja kutoka upande wa bustani, mwendo wa polepole, wameshikana mikono, kila mmoja na taulo. Mmoja alikuwa mama yake. Mwingine alikuwa na mkongojo.

Ilionekana walikuwa pamoja tangu mkutano ulipoanza, kwa kuwa wote wawili hawakuwa na kura na wote wawili waliona kukaa ndani kusikiliza wanaume wanagombea maji ni kupoteza asubuhi. Walikuwa wamekwisha kupeana dawa za magoti na historia za kuzaa. Mama yake Kidoti aliweka kiwiko juu ya dawati.

"Nipe ile fomu ya mgeni," alisema.

Kidoti aliijua fomu ya mgeni kwa moyo. Mwenye utepe wa bluu anaruhusiwa kuingia bwawani na mtu mmoja, awe ndugu au mtu wa karibu wa familia. Lakini Alhamisi haikumjia akilini hata kidogo. Alikuwa amezoea kutafuta kinachokatazwa. Akaitoa kwenye droo ya chini, akaanza kujaza: tarehe, namba ya nyumba, saa ya kuingia. Akafika kwenye mstari wenye neno "uhusiano," kalamu ikasimama.

"Uhusiano, mama?"

"Andika unachokijua."

"Mimi nimekuja kuoga tu," alisema mama yake Fundi Miwani, akiangalia dari. "Lakini kama ni kuandika, andikeni vizuri."

Kidoti akasema kwamba kwa vyovyote fomu ni lazima isainiwe na mwenye wiki mwenyewe, na mwenye wiki ni baba. Mama yake akasema hilo alilijua, ndiyo maana amekuja naye. Akapisha, na Kidoti akamwona Dereva amesimama nyuma yao karibu na mlango, amekunja mikono, anasoma ratiba ya mabasi ambayo hakuwa na haja nayo.

Alikuja. Akachukua kalamu kutoka mkononi mwa binti yake bila kumwangalia, akaisoma fomu kuanzia juu hadi chini, na nyuma pia, ambako hakukuwa na kitu. Akamtazama yule mama na mkongojo wake. Wakaamkiana kwa heshima, kama watu waliokutana msibani. Kisha akaandika neno moja kwenye mstari wa uhusiano, akasaini, akairudisha. Alikuwa ameandika: "mgeni."

Kidoti akalisoma mara mbili. Lakini baba yake hakuwa ameondoka.

"Mengine hayaandikwi na mimi," Dereva alisema. "Mwenyewe anajua kuongea, nimemsikia leo. Mwambie kesho, wiki ikiisha, mchana aje nyumbani kwetu."

"Umemsamehe, baba?"

"Sijamsamehe. Na wewe sijakusamehe. Aje tu."

Akatoka. Mama yake Kidoti alibaki nyuma kidogo akirekebisha taulo. Kidoti akamnong'oneza kwamba haelewi, kwamba baba hakupiga kura upande wowote, na sasa anamwita mtu ambaye hajamsamehe. Ni kumpokea, au ni kumpa maneno yake mbele ya familia?

"Kwa baba yako kutoinua mkono ni hotuba nzima," mama yake alisema. "Ilikuwa inasema nini, hata mimi sijui. Nimeishi naye miaka thelathini na tano, bado vingine nabahatisha." Akamshika mwenzake mkono, wakaenda zao bwawani, na baada ya muda vicheko vyao vikasikika mpaka dawatini.

Kidoti alimwomba mwenzake amshikie simu, akatoka.

Fundi Miwani alikuwa kwenye maegesho, anasafisha kioo cha gari kwa kitambaa kilekile cha kusafishia miwani, jambo ambalo lingemchukua mpaka Krismasi. Alimwona anakuja, safari hii hakugeuza macho. Kidoti akampa ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, hata lile la kutosamehewa.

"Anataka kunikubali au kunifukuza?"

"Sijui."

"Alipiga kura upande gani?"

"Hakupiga."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Nimemwuliza mama, naye hajui."

"Na wewe? Meneja atakuachisha kazi?"

"Sijui hilo pia."

Alikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka hakikukunjika tena. Alikuwa karibu kutabasamu, na alikuwa bado amekasirika, na Kidoti aliviona vyote viwili usoni mwake bila kimoja kukifukuza kingine.

"Kuna unachokijua leo?" akauliza.

"Nataka uje," Kidoti alisema. "Hilo silisemi kwa niaba ya dawati. Wiki uiuze, usiiuze, ni yako. Mimi nakutaka wewe uje nyumbani kwetu kesho. Akikufukuza tutafukuzwa wote wawili."

Hakusogea. Alimwangalia jicho la kulia, kisha la kushoto, kama alivyokuwa akifanya zamani, bila haraka, kama mtu anayetaka kuhakikisha kabla ya kuandika namba.

"Mzee anakula saa ngapi?"

"Saa saba kamili. Hajawahi kuchelewesha hata dakika."

"Basi nitafika saa sita na nusu. Niambie njia."

Kidoti akamwelekeza. Akamwambia daraja, kisha kituo cha mafuta, kisha njia mbili zinazofanana, ashike ile yenye duka la rangi kwenye kona, ile nyingine inapotea. Akamwambia geti ni la kijani lakini kijani kimebanduka, asitarajie kijani. Akamwambia kengele haifanyi kazi, agonge. Na alipomaliza akarudi mwanzo, darajani, akaanza kumwelekeza upya, polepole zaidi, kwa sababu aliogopa kuna kona ameiacha.